Shimo la Mdako Chini ya Gari

*Michezo ya watoto isiyohitaji umeme wala fedha inakosa pa kuchezewa katika mji wa Unguja. Mwandishi wetu ameifuata mpaka chini ya mikungu na pembeni mwa baraza za Ng'ambo.*

Ilikuwa baada ya sala ya Alasiri, jua limekwisha kulegea na kivuli cha mkungu kimejinyosha mpaka kwenye baraza ya nyumba ya pili, wakati wasichana wanne wa mtaa mmoja wa Ng'ambo, mjini Unguja, walipochuchumaa kukizunguka kishimo kisichozidi upana wa kisahani cha chai, wakaanza kucheza mdako.

Kishimo kile walikichimba wenyewe kwa kijiko kibovu. Ndani yake mlikuwa na vijiwe kumi na viwili, ambavyo nilivihesabu mara mbili, vimekuwa laini kwa kushikwashikwa. Na mkononi mwa mkubwa wao, mtoto wa miaka kumi hivi, mlikuwa na komwe moja ya kijivu, mbegu ile ile ngumu ambayo wazee wetu huifanya kete ya bao.

Akairusha komwe juu, si juu sana, kiasi cha kufikia paji la uso wake; na kabla haijarudi, vidole vyake vilikwisha kuvikumba vijiwe vyote nje ya shimo, kisha kiganja kikageuka na kuidaka komwe pasi na jicho kuitazama. Akarusha tena. Safari hii alivirudisha vyote shimoni isipokuwa kimoja, na hicho kimoja kikawa chake. Wenziwe watatu hawakusema neno. Macho yao yalikuwa juu ya ncha za vidole vyake, wakingoja aiangushe komwe au akose hesabu, ili wapige kelele kwamba ameungua na zamu imehama.

Hakuungua. Alikuwa amefika kijiwe cha saba, ndipo gari dogo jeupe lilipoingia kutoka barabarani, likapiga honi mara moja, na wasichana wakainuka, kila mmoja na kandambili zake mkononi, wakasimama kando. Dereva, mtu mwenye adabu zake, aliwatolea salamu, akaegesha, akafunga mlango, akaenda zake. Gurudumu la mbele la kushoto lilisimama juu ya kishimo.

Sikuona hasira katika nyuso za watoto wale. Nilichokiona ni mazoea, na hayo ndiyo yaliyonihuzunisha. Walikaa barazani dakika chache, kisha mmoja akatoa simu ya mama yake, na vichwa vinne vikainama juu ya kioo kimoja.

Jawabu nililotoka nalo ofisini

Mhariri alinituma kuchunguza jambo moja: kwa nini michezo ya watoto isiyotaka umeme wala betri, ambayo sisi wa rika la kati tuliikuta na tukakua nayo, haionekani tena mitaani kwa wingi wa zamani. Nilitoka ofisini na jawabu langu tayari kichwani, kwamba simu na televisheni ndizo zilizoiua, na kilichobaki kwangu ni kutafuta watu wa kuniafiki.

Tukio la chini ya mkungu lilinivuruga. Simu haikuwaondoa watoto wale kwenye mdako. Iliwapokea walipokuwa wamekwisha kuondolewa. Na kwa muda wa wiki mbili nilizozunguka baina ya Mji Mkongwe, Ng'ambo na vitongoji vinavyozidi kutambaa kuelekea Fuoni na Mwera, niliyoyaona yalizidi kunithibitishia hivyo hivyo: watoto hawajaichoka michezo, ila wamenyang'anywa mahali, wamepunguziwa wakati, na polepole wanampoteza mwalimu wa pekee wa michezo hii, naye ni mtoto mwenzao aliyewatangulia kuzaliwa.

Hazina yenye majina mengi

Waswahili tangu hapo hawakuidharau michezo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake, *Desturi za Wasuaheli*, yalitolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, aliona malezi ya watoto na michezo ya watu wa pwani ni mambo yastahiliyo kuandikwa katika kitabu kimoja na habari za ndoa, biashara na ibada. Na hapana shaka aliona sawa.

Kamusi kongwe nazo zimetuhifadhia jina la tinge, mchezo ambao mmoja huwa kiongozi na wengine sharti wafuate kila atendalo: akiruka waruke, akichechemea wachechemee, akipita chini ya kitanda cha kamba wapite vivyo hivyo. Niliwauliza watoto wengi habari za tinge. Hapana hata mmoja aliyelijua neno hilo, ingawa mchezo wenyewe, bila ya jina, niliukuta unachezwa kwenye ngazi za nyumba moja ya ghorofa.

Tiara, ambayo wengine huiita kishada, ilikuwa na majira yake kama embe lilivyo na majira yake. Vijana walingoja pepo za kusi na kaskazi, wakapasua chelewa za ufagio wa mama, mara nyingi pasi na ruhusa yake, wakagandisha karatasi kwa punje za wali uliolala, wakaufunga mkia wa matambara. Na mtoto ambaye tiara yake ilikwenda mrama alijua, kabla ya kufundishwa neno lolote la elimu ya mizani, kwamba mkia ni mwepesi au chelewa moja imezidi nyingine.

Kisha ipo ile michezo ambayo kila nchi imeipa jina lake. Mtoto husimama katikati, wawili huwa pande mbili wakimrushia mpira, naye huruka, hujikunja, huinama, ili usimguse: Unguja tumeuzoea mchezo huo kwa jina la nage, Bara wana rede yao, na Kenya wanao mchezo wa jamii hiyo wanaouita kati. Katika namna mojawapo ya rede, aliye katikati hukwepa mpira huku akijaza mchanga ndani ya chupa kwa viganja, akaimwaga na kuijaza tena, na anayeona kwamba kazi hiyo ni rahisi na ajaribu.

Mpira wenyewe hutengenezwa kwa matambara, soksi kuukuu au karatasi, ukakazwa kwa uzi mpaka uwe mgumu kiasi cha kurushika na laini kiasi cha kutoumiza. Bara watoto wengi walizoea kuushindilia mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, soksi na vitambaa vikarudi katika kazi yao ya kale, na mpira haukuacha kuruka.

Lakini mchezo ninaouenzi kupita yote ni kombolela. Mmoja hulinda kopo, wengine hujificha. Akimwona mtu humtaja kwa jina na mahali alipo, naye aliyetajwa hutoka akasimama mateka. Huenda wakakamatwa wanane, tisa, kumi. Hata hivyo akibaki mmoja tu mafichoni, na akaweza kuchomoka mbio akalipiga teke kopo kabla ya mlinzi kulifikia, basi mateka wote huwa huru.

Jina la mchezo lenyewe lina sauti ya kukomboa. Sijui fundisho gani la uungwana lililo wazi kuliko hili, kwamba aliyesalimika hahesabiwi kuwa ameshinda maadamu wenziwe wamesimama jua kali wakimngoja. Na mtoto wa miaka minane hulipata fundisho hilo kwa miguu yake, akihema, vumbi limemjaa kichwani, huku kumi wakilishangilia jina lake.

> "Simu haikuwaondoa watoto kwenye mdako, iliwapokea walipokuwa wamekwisha kuondolewa."

Baraza la wacheza gololi

Katika uchochoro mmoja nyuma ya msikiti niliwakuta wavulana watano wanacheza gololi, na nilibahatika kufika wakati wa shauri. Gololi ya mmoja ilikuwa imegusa jani kavu kabla ya kuigonga ya mwenzake. Je, pigo lahesabiwa au halihesabiwi?

Wawili walitaka lirudiwe. Mwenye pigo alikataa katakata, akaleta hoja kwamba jani halikuwa limetajwa mwanzoni kuwa ni pingamizi. Mdogo kabisa, ambaye hakuwa na gololi hata moja mfukoni, aliitwa kutoa ushahidi kwa sababu alikuwa karibu, akautoa kwa taadhima kubwa. Shauri lilichukua muda kuliko mchezo wenyewe. Hatimaye walikubaliana pigo lirudiwe safari hii, na tangu hapo jani liwe ni katika jumla ya uwanja. Hawakumwita mtu mzima, wala hawakunitazama mimi niliyesimama hapo.

Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi wa habari za akili za watoto, alipotaka kujua jinsi mtoto apatavyo dhana ya haki na kanuni, aliwaendea watoto wacheza gololi wa Geneva na Neuchâtel, akawaomba wamfundishe kanuni zao. Kitabu alichokitoa mwaka 1932 juu ya hukumu za mtoto katika mambo ya wema na ubaya kinaanzia hapo hapo, chini, penye gololi.

Aliona kwamba mtoto mdogo huichukua kanuni kama amri iliyoshuka kutoka kwa wakubwa, isiyoweza kubadilishwa na yeyote; ilhali mtoto mkubwa zaidi hufahamu kwamba kanuni ni mapatano, na kwamba wenye mchezo wanaweza kuigeuza madhali wote wameridhia. Nilipowaona wale watano wakilihukumu jani, nilifahamu alilokuwa akilisema.

Wazee wa dini wamekuwa na neno lao juu ya gololi za kulana, kwa kuwa mwenye kushinda kuchukua mali ya mwenzake kwafanana na kamari. Neno hilo lina haki yake. Wavulana niliowaona walirejesheana gololi zao kabla ya adhana ya Magharibi, kila mmoja akazihesabu zake, wakaondoka.

Mnyororo wa miaka miwili

Jambo moja lasahauliwa sana katika mazungumzo ya wakubwa juu ya michezo hii. Mama hamfundishi binti yake mdako, wala hapana baba aliyekaa na mwanawe kumweleza kanuni za kombolela. Mchezo wa mtoto haurithiwi kwa mzee. Hurithiwa kwa mtoto mwenzake aliyemzidi miaka miwili au mitatu.

Mdogo huanza kwa kukaa kando na kutazama. Baadaye hutumwa kuuokota mpira uliokwenda mbali, na kwa siku nyingi kazi yake ni hiyo. Kisha huruhusiwa kuingia, lakini kuungua kwake hakuhesabiwi; huchezeshwa kwa huruma tu, naye hufurahi. Siku moja, hapana ajuaye ni ipi, kuungua kwake huanza kuhesabiwa, na hapo amekuwa mchezaji kamili, tayari kumfanyia mwingine kama alivyofanyiwa.

Mnyororo wa namna hii una nguvu ya ajabu, kwa maana umevuka karne bila ya kitabu. Lakini una udhaifu wake nao, kwamba pete zake ni fupi. Mtaa ukikosa uwanja kwa muda wa miaka mitano, wale waliokuwa na miaka kumi wamekwisha kuwa vijana wenye haya ya kuchuchumaa, na wale waliokuwa na miaka mitano wamefika kumi bila ya kuona. Hapo mdako umekufa katika mtaa huo, hata kama bibi mwenye nyumba ya tatu aukumbuka vizuri.

> "Mchezo wa mtoto haurithiwi kwa mzee, hurithiwa kwa mtoto mwenzake aliyemzidi miaka miwili au mitatu."

Mji umejaa

Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya 2022 ikawahesabu 893,169. Yaani katika muda wa miaka 10, muda ambao mtoto aliyezaliwa siku ya hesabu ya kwanza hatimizi hata darasa la mwisho la skuli ya msingi, mkoa umeongeza takriban watu 300,000.

Watu hao wahitaji nyumba, maduka, njia za magari na mahali pa kuyaweka. Mwenye kiwanja chake akijenga hajamdhulumu mtu. Na mwenye gari ambaye nyumba yake haina ua alilaze wapi? Nimezungumza na wenye magari kadhaa, na insafu yanilazimisha kusema kwamba sikumkuta aliyekuwa na chuki na watoto. Wengi wao waliniambia kwamba uwazi ule wanaouegeshea ulikuwa, walipokuwa wadogo, ndio uwanja wao wa nage.

Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, una bahati yake: vichochoro vyake vingi ni vyembamba hata gari halipiti, na kwa sababu hiyo bado utawakuta watoto wakiruka vyumba vilivyochorwa chini kwa mkaa. Pikipiki, hata hivyo, hupita, na hupita kwa kasi.

Nilipolileta shauri hili la uwanja mbele ya watu, wengine walinikumbusha Forodhani, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati mkubwa, na viwanja vya sikukuu ambako watoto hupelekwa wamevaa nguo mpya. Hayo ni mema na Mungu ayazidishe. Lakini mahali anapopelekwa mtoto kwa daladala, akashikwa mkono, mara moja kwa mwezi au mara mbili kwa mwaka, hapawezi kumlea mcheza mdako. Uwanja wa mtoto ni ule ambao mama yake, akiwa jikoni, aweza kumwita akasikia.

Khofu ya mzazi

Wazazi nao wana upande wao, na sidhani kwamba yafaa kuwalaumu kwa wepesi. Mama mmoja wa makamo alinieleza kwamba mwanawe akitoka nje roho yake haitui, kwa kuwa bodaboda hazina breki na watu hawajulikani tena. Habari za watoto kudhalilishwa zimekuwa ni maneno ya kila siku katika redio na katika hotuba za misikitini. Na mzazi aliyezisikia, akamfungia mwanawe ndani na simu, amefanya alilodhani kuwa ni hadhari.

Kwa zamani ilikuwaje? Watu waliokuwa wakiishi kwenye mitaa hii hawakuwa wema kuliko sisi. Walikuwa na baraza. Alasiri ilipofika, wazee walitoka na bao lao, lenye mashimo 32 na kete 64, wakakaa. Mabibi walitoka na ukili wao, wakasuka. Na watoto wakacheza mbele ya macho hayo yote, pasi na mtu kuwekwa rasmi kuwa mlinzi. Ulinzi ulikuwamo ndani ya mazungumzo.

Mtaani kwa mkungu ule niliona kwamba baraza tatu kati ya sita zimezungushiwa nondo na kufanywa maduka. Nikafahamu kwamba khofu ya mama yule haitapungua kwa kuambiwa asiogope. Itapungua siku atakapojua kwamba wapo watu wazima waliokaa nje wakati mwanawe yuko nje.

Tena simu ina manufaa yake, nami sitaki kuyaficha. Nimemwona mtoto wa miaka sita akifuatisha kisomo cha Kurani kwa ufasaha kutoka katika simu ya baba yake, na mwingine akizungumza na nyanya yake aliye Maskati, wakionana nyuso. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, halikukataza kioo kwa mtoto wa miaka 2 mpaka 4. Lilisema tu kisizidi saa 1 kwa siku, na kupungua ni bora.

Saa za mtoto

Ratiba ya mtoto wa mjini yataka kuhesabiwa kwa vidole. Skuli nyingi zimeendeshwa kwa mikondo miwili, kwa hiyo wako wanaotoka adhuhuri na wako wanaotoka jua linapokaribia kuzama. Aliyetoka adhuhuri ana chuo cha Kurani, na ni wajibu wake kwenda chuoni. Akitoka chuoni ana tuisheni, hasa akiwa darasa la mtihani. Akitoka tuisheni ana maji ya kuteka, ndugu wa kumshika, na kazi ya nyumbani aliyopewa na mwalimu.

Walimu niliozungumza nao waligawanyika. Wako wasemao kwamba nchi haiwezi kushindana na wenzake kwa kuwaacha watoto wakirusha vijiwe, na kwamba mzazi maskini hana mali nyingine ya kumwachia mwanawe isipokuwa cheti. Na wako wasemao kwamba mtoto aliyekaa kitako tangu alfajiri hana tena akili ya kupokea kitu, hata ukimlipia mwalimu wa aina gani.

Nimeelemea upande wa pili, na sababu zangu si za mapenzi peke yake. Shirika la Afya Duniani limeshauri, katika mwongozo wa 2020, kwamba mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate kwa wastani dakika 60 kila siku za kuutumikisha mwili kwa nguvu ya kati au zaidi. Na kombolela hutimiza kiasi hicho bila ya kupigiwa hesabu.

Huko Guangzhou, China, watafiti walizichukua skuli 12 za msingi, wakaziongezea 6 kati yake dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka 3, katika skuli zilizobaki na ratiba yake ya kawaida takriban watoto 40 katika kila 100 walikuwa wamepata maradhi ya kutoona mbali. Katika zile zilizoongezewa wakati wa nje walikuwa takriban 30. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2015. Basi mzazi anayemzuia mwanawe ndani ili asome vizuri na azingatie hesabu hiyo kwa ajili ya macho yatakayosoma.

> "Uwanja wa mtoto ni ule ambao mama yake, akiwa jikoni, aweza kumwita akasikia."

Wanaotaka ligi

Kuna jamaa wenye ghera kubwa, ambao hawangoji viwanja vya mitaani. Wao wataka michezo hii iwe na timu, jezi, refa na vikombe, kama ambavyo nage na rede zimekwisha kupata mashindano ya wanawake. Wataka iingizwe katika ratiba za skuli, na kila mwaka iwe na siku yake ya maonyesho.

Nawaheshimu, na juu ya nage wamenishinda hoja. Mashindano yamempa mwanamke mzima haki ya kukimbia hadharani na kushangiliwa, na hilo si dogo.

Kwa watoto, lakini, nina wasiwasi ambao sikuweza kuuondoa. Akiingia mtu mzima na filimbi, shauri la jani la gololi halitasikilizwa tena na watoto watano. Litakatwa na mmoja kwa mkono. Yule mdogo ambaye kuungua kwake hakuhesabiwi hatakuwa na nafasi katika timu, kwa sababu timu hutafuta ushindi. Na kombolela ikichezwa kwa kikombe, itabidi pawe na mshindi mmoja, ilhali uzuri wake wote ni kwamba aliyebaki huwakomboa wengine. Skuli na iwape watoto kamba, mpira na uwanja, kisha mwalimu aketi kivulini.

Baina ya Alasiri na Magharibi

Sheria hazikukosekana. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na kifungu chake cha 31 chatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto una kifungu cha 12 chenye maana hiyo. Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 imeiweka haki ya kucheza katika jumla ya wajibu wa mzazi, pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 11 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Michezo ya Watoto. Kisichokuwapo ni hatua ishirini za mchanga zisizo na gari.

Kwa hiyo ombi langu halihitaji bajeti. Nawaomba masheha wa shehia za mjini, kila mmoja katika shehia yake, akae na wenye nyumba na wenye magari, wachague uwazi mmoja, hata uwe mdogo namna gani, wakubaliane kwamba baina ya Alasiri na Magharibi hapana chombo kitakachoingia hapo. Na nawaomba wazee wa kila mtaa, walio na bao na wasio nalo, saa hizo watoke wakae nje.

Nilimngoja mwenye gari jeupe siku ya pili yake, nikamwonyesha mahali gurudumu lake liliposimama. Aliinama, akatazama kwa muda, akasema kwamba hakuwa amejua kuwa pana shimo. Tena akaniambia kuwa dada zake walikuwa wakicheza mdako pale pale, chini ya mti ule ule. Alinitajia majina yao wote watatu. Hakuniahidi kitu, kwa sababu hana pengine pa kuegesha.

Juzi nilipita tena. Kishimo kilikuwa kimechimbwa upya, hatua tatu kutoka kilipokuwa, katikati ya mizizi ya mkungu ambapo gari haliwezi kupanda. Nafasi iliyopo hapo ni ya watoto wawili. Wawili walikuwa wanacheza, na wawili wamesimama.